Damu ya Kitovu cha Obedi

Dada Dafroza,

Imelda ameota jino. La chini, upande wa kushoto, linakwaruza kama ncha ya sindano ukimpa kidole anyonye. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, na kwa sababu mengine niliyo nayo hayana utamu. Jina ni lile lile ulilomchagulia. Mama alitaka tumwite Dafroza, nikakataa. Nilisema Dafroza ni mmoja, na huyu aitwe alivyopangiwa na mama yake.

Nakuandikia nikiwa kwenye cherehani, hapa hapa Kasulu, kwenye baraza la duka la Mama Swaumu. Mvua imenyesha tangu asubuhi, barabara ya sokoni imekuwa tope jekundu tupu, na siku kama hii hakuna anayekuja kupima gauni. Imelda amelala pembeni yangu. Obedi yuko Nyakitonto kwa Mama. Deo wako analima maharage na muhogo kama kawaida, hajaoa mwingine. Kila Jumapili akitoka kanisani anapanda pikipiki kuja kumwona binti yake, anambeba kidogo, ananirudishia, anaondoka. Amekonda, dada. Shati ulilomnunulia Krismasi limekuwa kama la kaka yake.

Nataka nikusimulie yote kwa mpangilio, maana uliondoka ukijua nusu tu.

Unakumbuka siku aliyozaliwa Obedi. Nilikuwa nje ya wodi na chupa ya uji, nakusikia unavyolia, natamani kuziba masikio. Baadaye wakaniita nikaingia, nikakukuta umekaa kitandani, mtoto kifuani, na badala ya kucheka unauliza, "Kondo langu liko wapi?" Nesi akakujibu bila hata kugeuka, "Limeshaenda na watafiti. Si ulikubali?"

Tulipofika Nyakitonto, ukanivuta nyuma ya jiko ukaniambia, na sauti yako ile bado ninayo: "Skola, sikumbuki kuulizwa. Nakumbuka mtu wa glavu ameniinamia, anasema maneno marefu ya Kiswahili cha Dar, nami najibu *ego, ego*. Saa ile hata wangeniambia wanaondoka na mguu wangu ningewakubalia, *ego*."

Hao waliokuwa kituoni wakati ule walikuwa wanakusanya damu inayobaki kwenye kitovu na kondo mtoto akishazaliwa. Sisi hatukujua ni ya nini. Tulichojua ni kwamba nyuma ya nyumba ya Mama, kwenye migomba, Mama alikuwa ameshachimba shimo, na jioni ile alilifukia tupu.

Watu wa mjini walicheka waliposikia hilo. Hawakujua kwa nini Mama alilia. Mama alizaliwa njiani, Bibi akikimbia vita Burundi, vichakani karibu na Nyabibuye, na kondo lake waliliacha huko huko kwa sababu hapakuwa na muda hata wa kukoka moto. Maisha yake yote Mama amekuwa akisema, "Mimi sina mahali. Nina karatasi ya uraia, lakini mahali sina." Ndiyo maana makondo yetu sisi wawili aliyafukia Nyakitonto kwa mikono yake mwenyewe, akapanda mgomba juu ya kila moja. Obedi alikuwa wa kwanza kuzaliwa akiwa Mtanzania bila mtu kumbishia, mtoto wa Mtanzania. Kumbe ndiye aliyekosa.

Halafu yakaja maneno ya redioni. Wewe ulikuwa na mimba ya Imelda, mimba changa, unatapika hata ukinusa samaki wa migebuka. Kila asubuhi kipindi kilikuwa hicho hicho: seli shina, seli shina. Mchungaji yule mwenye sauti nzito alisema, "Leo wanachukua kitovu, kesho watachukua mimba." Akasema huko ng'ambo watu wanatengenezwa ndani ya chupa, wanavunjwavunjwa wangali wadogo kuliko punje ya ulezi, na dawa inatoka hapo. Wengine wakapiga simu wakasema damu ya watoto wetu inauzwa. Uvumi ukawa unavuka vijiji kabla ya pikipiki. Ulinipigia simu ukaniuliza kama ni kweli, nikakuambia sijui, lakini twende tukaulize pamoja. Tulikwenda. Unakumbuka tulivyokaa kwenye benchi pale kituoni mpaka mchana, na mwishoni tukaambiwa, "Hayo ya utafiti siyo ya kina mama, nyie njooni kliniki tu." Ulisimama ukakung'uta kanga yako, ukasema, "Basi nimejibiwa."

Baada ya hapo hukurudi tena kituoni. Nilikusihi. Deo alikusihi. Ulisema Mama alizaliwa kichakani na yu hai.

Sitakaa sana juu ya siku aliyozaliwa Imelda. Wewe ulikuwapo kuliko mtu yeyote. Ila kuna usiyoyajua, kwa sababu ulikuwa umeshafumba macho. Imelda alitoka akilia kwa nguvu, jua likiwa juu, na yule bibi jirani aliyekuzalisha akasema, "Mshukuruni Mungu." Tukashukuru. Tukangoja kondo. Halikutoka. Kondo lile ulilolipigania, dada, lilikataa kutoka, na damu ikaanza. Deo alikwenda kutafuta pikipiki, akapata ya kijana wa mnadani, wakakufunga kwa kanga katikati yao, mimi nikafuata nyuma na pikipiki nyingine nimembeba mtoto. Tulipokuwa tunapanda mlima ule wa kwanza, niliona mkono wako umelegea, unapigapiga kwenye mguu wa Deo. Nikamwambia dereva wangu, "Kimbia." Akasema, "Dada, kukimbia kwenda wapi?"

Ulizikwa nalo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sasa nikwambie yaliyofuata.

Matanga hayajaisha, jina lako likawa redioni. Mchungaji alisema, "Dafroza ameuawa na watafiti." Mkubwa mmoja wa upande wa afya akajibu kesho yake, kipindi hicho hicho, "Mama yule ameuawa na imani potofu." Mama alikuwa anachambua maharage. Aliinuka akaizima redio, akaketi tena, akachambua maharage yale yale aliyokwisha kuyachambua.

Ukaitishwa mkutano wa hadhara, ukumbini mjini. Alikuja kila mtu: masista, mashehe, wachungaji, walimu, vijana wanaotaka kurekodi kwa simu. Upande wa utafiti alikuja daktari mmoja msichana, Daktari Frida. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alikuwa na macho mekundu kama mtu asiyelala, na alipopewa kipaza sauti alieleza polepole, kwa maneno ambayo hata Mama aliyaelewa. Alisema ndani ya damu ya kitovu zimo seli changa, ndizo hizo seli shina, ambazo bado hazijashika kazi moja, na zikipandikizwa kwa mgonjwa zinaweza kumtengenezea damu mpya. Alisema wanatafuta namna ya kuwatibu watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na kwamba watoto hao wako wengi kwetu kuliko tunavyopenda kusema.

Mchungaji akasimama. "Jibu moja tu, binti yangu. Huko duniani, kuna wanaotumia mimba au hakuna?"

Daktari angeweza kukana. Hakukana. Alisema, "Wapo, mchungaji. Kuna nchi ambako utafiti unafanywa kwa viinitete vya siku za mwanzo kabisa, na hata sisi wenyewe madaktari tunagombana kama ni halali. Hapa hatufanyi hivyo. Lakini siwezi kukwambia hakuna."

Ukumbi ukalipuka. Huyu anapiga kelele kwamba uhai unaanza Mungu anapopuliza, yule anasema hata shuleni hawajui unaanza lini, mzee mmoja anauliza kama mtu akipandikizwa damu ya mtoto wa mwingine atarithi shamba. Watu walicheka, dada. Walicheka, na wewe ndiwe uliyetuleta pale.

Aliyewanyamazisha ni Mama Swaumu. Unamjua, mwenye duka hili, mtu wa Tanga, hapandishi sauti hata akidhulumiwa. Alisimama na mtandio wake, akasema: "Mimi sijui mimba za Ulaya. Mimi nina mtoto mwenye hiyo selimundu, mifupa ikimshika ananiomba nimkate miguu. Mnabishana kama punje ni mtu. Sawa, bishaneni. Lakini Swaumu ni mtu. Yule pale, mtazameni." Na Swaumu alikuwa pale kweli, mwembamba, macho ya manjano, ameinamisha kichwa kwa aibu ya kutazamwa.

Ndipo miguu yangu ikaninyanyua. Sikuwa nimepanga.

Nilisema, "Mimi naitwa Skolastika. Dafroza ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja. Mchungaji anasema aliuawa na watafiti. Mkubwa wa afya anasema aliuawa na ujinga. Hakuna kati yenu aliyekuwapo, mimi nilikuwapo. Dada yangu hakuwa mjinga. Alikuwa na swali moja: mmeipeleka wapi sehemu ya mwanangu? Alikaa kwenye benchi lenu nusu siku na swali hilo, mkamwambia si lake. Mngemuuliza mimba ikiwa na miezi saba, ameketi, amekunywa maji, kwa Kiha, mkamwambia damu tunaomba, kondo utarudi nalo nyumbani, angewapa. Namjua. Angewapa, tena angewaletea na ndizi."

Nilipofika kwenye ndizi sikuendelea. Nikakaa. Mama akanishika paja chini ya kanga, akalikandamiza kwa nguvu mpaka likauma.

Daktari Frida alisimama akasema mbele ya wote, "Tulikosea. Hatukupaswa kumuuliza mtu aliye katika uchungu." Yule mkubwa wake alimtazama kama mtu aliyemwaga mboga. Nadhani ilimgharimu. Lakini watu walikuwa wameshachemka. Walidai utafiti ufungwe na damu yote iliyokusanywa ikatupwe. Walipiga makofi mpaka mabati yakatetemeka. Mimi sikupiga. Sikuwa nimeomba itupwe. Niliomba tuambiwe iko wapi.

Utafiti ulifungwa. Watu wa kituoni wakaacha hata kutamka neno seli. Kina mama wamerudi kujifungulia huko, taratibu, mmoja mmoja, na sasa wanaondoka na makondo yao kwenye mfuko mweusi bila kuuliza. Hilo moja ni lako. Hakuna anayesema ni lako, lakini mimi nasema.

Mama Swaumu hakunisemesha kwa wiki nyingi. Nilimsalimia, "Shikamoo mama," akawa anaitikia akiwa anapanga sabuni. Siku moja akaniambia nitafute baraza lingine. "Sikufukuzi kwa chuki, Skola. Ila kila nikisikia cherehani yako nasikia ukumbi ule. Ulisema kweli. Na mwanangu ndiye aliyeilipia." Nilihamisha cherehani hadi karibu na stendi, nikakaa huko kwenye vumbi na moshi.

Sasa ndiyo nafika pale ambapo sikutaka kufika.

Imelda alianza kuvimba mikono na miguu. Vidole vikawa kama ndizi mshale, ukimgusa anapiga yowe ambalo sikuwahi kulisikia kwa mtoto. Nilidhani ameumwa na wadudu. Nilikuwa nampitisha sokoni mgongoni, analia, Mama Swaumu akatoka dukani. Hakunisalimia. Alishika mguu wa Imelda, akaufunika haraka na kanga kama mtu aliyeona kitu cha haramu, akaniambia, "Mpeleke hospitali sasa hivi. Mimi nafunga duka, twende wote."

Walimpima damu. Ni selimundu, dada. Mwanao ana selimundu. Walitueleza kwamba wewe ulikuwa na nusu na Deo ana nusu, ninyi hamkuumwa wala hamkujua, na Obedi alipita salama, Imelda hakupita. Deo alipoambiwa alitoka nje, akachuchumaa ukutani, akashika kichwa. Mama hakulia. Alisema tu, "*Mawe we*," mara moja, kama mtu anayemwita mama yake kutoka vichakani alikozaliwa.

Siku ile ile Mama Swaumu alinirudisha barazani kwake. Alituma vijana wakabeba cherehani. Alinifundisha kumpa maji mara kwa mara, kumfunika baridi ya asubuhi isimpate, kutokosa dawa hata siku moja, kumtazama macho. Hakuwahi kusema, "Unaona sasa?" Ningekuwa mimi, labda ningesema.

Nilichofanya, nilimtafuta Daktari Frida kwa simu. Yuko mbali siku hizi, alihamishwa. Maana nililala na wazo moja, nikaamka nalo: damu ya kitovu cha Obedi. Ile waliyoichukua ukiwa katika uchungu. Daktari wa hapa aliniambia mgonjwa wa selimundu akitafutiwa seli za kupandikizwa, anayeangaliwa kwanza ni ndugu wa tumbo moja. Basi nikawaza, labda ipo kwenye barafu mahali fulani. Labda kilichoibwa kwako ndicho kitakachomponya mwanao. Niliwaza hivyo nikaona haya, nikaendelea kuwaza.

Daktari Frida alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Haipo, Skola. Iliteketezwa yote, kama mkutano ulivyodai." Akasema hata kama ingekuwapo, haikuwa na jina la mtu, na ilikuwa kidogo, na hakuna anayeweza kuapa kwamba ingemfaa. Nikamuuliza kama anasema hivyo ili kunituliza. Akasema, "Nasema kwa sababu ni kweli. Sitaki kukupa tena kitu cha nusu." Halafu tukalia, yeye kwake na mimi kwangu, simu ikiwa sikioni, muda wa maongezi ukiisha hivyo hivyo.

Lakini alisema na jambo lingine. Obedi mwenyewe yupo. Uboho ulio ndani ya mifupa yake una seli hizo hizo. Kuna hospitali kubwa, mbali na kwetu, ambako anaweza kupimwa kama anafanana na dadaye. Wakifanana, wanaweza kumlaza, wakamchoma sindano kwenye nyonga, wakatoa. Ataumwa siku chache, atapona. Imelda naye atapitia mateso makubwa kuliko hayo, anaweza kupona, na anaweza asipone. Si jambo la leo. Kwanza akue kidogo, atumie dawa.

Dada, mjadala wa ukumbini umehamia ndani ya nyumba ya Mama. Deo anataka Obedi apelekwe kupimwa hata kesho. Anasema, "Ni damu yake, ni dadake, atakataaje?" Mama anasema, "Mtoto si mgomba wa kukatiwa chipukizi." Anasema wameshamchukulia Obedi mara moja bila kumuuliza mwenyewe wala mama yake, hawatamchukulia mara ya pili. Juzi walifikia hatua ya kutupiana maneno mbele ya Obedi, ugali ukapoa, Obedi akauliza, "Mnagombania mpira wangu?" Alisikia jina lake tu, akadhani ni mpira.

Wananitazama mimi. Kwa sababu nilisimama ukumbini, wanadhani ninajua. Sijui. Upande mmoja namwona Imelda na vile vidole. Upande mwingine namwona Obedi ana miaka mitano, na atasema ndiyo kwa chochote akiulizwa na baba yake kwa sauti kali. Kile nilichowaambia wakubwa wale, muulizeni mtu akiwa ametulia, nilidhani ni maneno mepesi. Mtoto wa miaka mitano unamuulizaje? Na ukimwambia kwamba dadake anaweza kufa, hapo umemuuliza au umemkaba?

Nilizungumza na Deo jana, tukiwa wawili. Nilimwambia tusubiri mpaka Obedi aweze kuuliza maswali yake mwenyewe, na daktari amesema muda huo upo, si mwingi lakini upo. Alikataa. Baadaye akanisindikiza hadi barabarani, akasema, "Dafroza angesemaje?" Nikamwambia angeuliza kwanza. Akasema sawa, tusubiri. Akasema pia, "Lakini Imelda akifa tukiwa tunasubiri, Skola, sitaweza kukusamehe." Ninamwelewa. Sidhani kama nami nitaweza kujisamehe.

Imelda ameamka. Anatafuna kona ya karatasi hii, uniwie radhi kama imelowa.

Kwaheri, dada yangu. Sitakuahidi kwamba mwanao atapona, hilo si langu kuahidi, na kaburi lako silidanganyi. Nakuahidi kwamba Obedi ataelezwa yote kwa maneno yake, ameshiba, bila mtu kumpigia kelele, na jibu lake tutalichukua kuwa jibu. Na likiwa hapana, nitambeba Imelda kliniki hadi kliniki kwa muda wote nitakaopewa naye, na Obedi hatasikia kamwe, si kwangu wala kwa mtu yeyote chini ya paa letu, kwamba dada yake aliumwa kwa sababu yake.

Mdogo wako,
Skolastika